KULA SANDWICHI BILA NGANO: SOMO NILILOLIPATA MJINI

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Katika makala haya ningependa kuwaeleza jambo ambalo wengi wetu hulichekea. Mimi mwenyewe nililichekea mpaka likanitoa machozi. Ni habari ya mtu asiyeweza kula ngano, na jinsi anavyoweza kuingia katika mkahawa wa sandwichi akatoka salama.

Mdogo wangu ana umri wa miaka 12. Kwa muda mrefu alikuwa akiumwa na tumbo, akihara na kukonda. Tulimpa dawa za minyoo, tukampa za amiba, wapi! Nyanya alisema ni mtoto wa kuringia chakula tu. Mnamo Aprili 2024 daktari alimpima damu, kisha akampitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi tumboni, akachukua kipande kidogo sana cha utumbo kwenda kupimwa. Kumbe mtoto alikuwa na ugonjwa uitwao siliaki.

Gluteni ni nini?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka nyingine iitwayo rai. Ndiyo inayofanya unga wa ngano uvutike unapokandwa, na chapati ikunjike bila kukatika. Jaribu kukanda unga wa mahindi uone kama utavutika hivyo. Hauvutiki.

Mtu mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vijidole vidogo tulivyosoma katika Biolojia, vinavyofyonza chakula, huharibika na kulala bapa. Basi mtu anakula lakini mwili haupati kitu. Damu hupungua kwa kukosa madini ya chuma, na watoto hudumaa. Inakadiriwa kwamba duniani mtu 1 katika kila 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajijui. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Jambo hili halikujulikana zamani. Anayekumbukwa sana ni Daktari Willem Karel Dicke wa Uholanzi, aliyekuwa akiwatibu watoto. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali na mkate ukaadimika. Watu walikula hata vitunguu vya maua. Ajabu ni kwamba watoto wenye siliaki walipata nafuu wakati huo, na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mnamo 1950 Dicke aliandika tasnifu yake kuhusu madhara ya ngano kwa watoto hawa.

Safari ya mjini

Sasa nije kwenye kisa changu. Agosti 2024 nilimpeleka mdogo wangu mjini kumpongeza kwa kufanya vizuri shuleni. Tuliingia katika mkahawa mmoja wa sandwichi, ile ya kupanga foleni mbele ya kioo huku ukichagua kinachotiwa ndani. Nikamwambia mhudumu, "Kaka, samahani, huyu hali mkate."

"Hamna shida, dada," akajibu. "Nitamwekea kila kitu kwa sahani bila mkate."

Nilifurahi kweli. Lakini mdogo wangu alinivuta mkono akaninong'oneza, "Dada, kile kisu kimekata mkate sasa hivi." Nikamwambia aache maringo, makombo mawili matatu hayaui mtu. Akala kwa sababu mimi mkubwa wake nimesema.

Usiku huo hakulala. Alitapika na kuhara, na kwa siku tatu alikuwa amejikunja kitandani. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Hesabu ya makombo

Tuliporudi kliniki, mtaalamu wa lishe alinifanyia hesabu ambayo sitaisahau. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya yapata gramu 2, yaani miligramu 2,000. Uchunguzi umeonyesha kwamba miligramu 50 tu kwa siku, zikiliwa kwa muda wa miezi kadhaa, zatosha kuuharibu utumbo wa mwenye siliaki. Gawanya 2,000 kwa 50 utapata 40. Kwa hivyo ukikata kipande cha mkate mara arobaini, sehemu moja tu ni hatari akiila kila siku. Ndiyo maana Marekani na nchi za Ulaya, chakula hakiruhusiwi kuandikwa kwamba hakina gluteni ikiwa kina zaidi ya miligramu 20 katika kilo moja.

Basi kumwondolea mtu mkate hakutoshi. Makombo yako kwenye kisu, kwenye ubao, kwenye glavu na ndani ya vyombo vya nyanya na saladi. Tena moto wa jiko hauiui gluteni, na kile kitakasa mikono cha chupa hakiiondoi. Ni lazima kuosha kwa sabuni na maji.

Maswali ya kuuliza

Kuuliza si ujinga. Siku hizi tukiingia mkahawani tunauliza hivi:

1. Je, unaweza kunawa mikono na kuvaa glavu mpya?
2. Je, kuna kisu na ubao safi ambavyo havijagusa mkate?
3. Nyama hii imechanganywa na nini? Soseji na kebabu nyingi hutiwa unga au makombo ya mkate.
4. Mchuzi huu una nini? Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa ngano.
5. Chipsi zimekaangwa katika mafuta yaliyokaanga kuku wa kupakwa unga?

Jihadharini pia na mkate wa kahawia na unga wa atta. Rangi isikudanganye, hiyo yote ni ngano.

Desemba 2024 tulijaribu tena, katika mkahawa mwingine. Nilipouliza maswali yangu, mhudumu alisema, "Ngoja dada, sina hakika. Acha niulize jikoni." Akarudi, akanawa, akatoa kisu kingine, na akafungua saladi mpya. Mdogo wangu alikula kuku wa kuchoma, yai, tango na parachichi, akakamulia limau badala ya mchuzi. Chipsi tuliziacha. Usiku alilala fofofo, mimi ndiye niliyekesha nikimsikiliza anavyopumua.

Hapo nilijifunza kwamba "sina hakika, ngoja niulize" ni jibu zuri kuliko "hamna shida". Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inaitaka mikahawa imweleze mteja kama chakula kina nafaka zenye gluteni. Kwa wengi wetu hapa, ulinzi wa kwanza ni ulimi wetu wenyewe.

Mwisho, ndugu msomaji, ukihisi una dalili hizi usiache ngano kabla ya kupimwa, kwani vipimo vinaweza kukosa kuona ugonjwa. Nenda kwa daktari kwanza. Na ukimwona mwenzako kantini akikataa mandazi ya bure, usimwite mwenye maringo. Mimi niliwahi kusema hivyo, na aliyelipa si mimi.