Si Mikono Mizito, ni Runinga!

Likizo iliyopita hapa Kitale, binamu yangu mdogo kutoka Bungoma aliitwa "mikono mizito" kila Mario alipotumbukia shimoni, mpaka akakataa kucheza. Mimi namtetea.

Super Mario Bros. ilitoka mwaka wa 1985, enzi za runinga zenye mgongo mnene. Hizo zilichora picha karibu papo hapo. Runinga bapa huipokea picha, huilainisha, huing'arisha, ndipo huionyesha. Ni kama matatu ya Kitale kwenda Bungoma: ikisimama Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, utafika, lakini umechelewa.

Mchezo huu huonyesha picha 60 hivi kwa sekunde. Kila picha ni kama milisekunde 17. Kitufe kikichelewa picha tano tu, shimo limeshakumeza!

Basi tupunguze vituo:

Kwanza, ingia kwenye menyu ya runinga, uweke hali ya gemu. Mapambo mengi ya picha yatazimwa. Hii haina gharama.

Pili, tumia padi ya waya. Nyingi zisizo na waya huongeza kuchelewa.

Tatu, emuleta kama RetroArch inaweza kukokotoa picha inayofuata mapema. Anza na picha moja tu, maana kompyuta dhaifu itakwama.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kweli, lakini mpini ukilegea, kaza kwanza ndipo umcheke mkulima.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu