504 chini ya mwembe

Lubumbashi haina bahari, na magari yake ya zamani yana bahati hiyo. Bodi ya Peugeot 504 iliyolala kwenye lupango (kiwanja cha nyumba) la Katuba au Kampemba haikuonja chumvi ya pwani, kwa hiyo mara nyingi ni nzima kuliko inavyoonekana. Gari hilo lilitoka Ufaransa tangu 1968 hadi 1983, na Kaduna, Nigeria, waliendelea kuliunganisha hata miaka ya 2000. Maswali yafuatayo hunijia kila mwaka mvua zinapokaribia kwisha, watu wanapoanza kulitazama gari la marehemu kwa jicho jingine.

Papa fundi, baba yetu alituachia 504 ya esansi. Imekaa miaka chini ya mwembe. Mwanangu anataka kuunganisha betri aone kama itawaka.

Mzuie, mama. Moteri ikikaa hivyo, pete za pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Starta ikiilazimisha, pete zinakatika, na kazi ya wiki inageuka ya miezi. Toa buji zote nne, mimina ndani ya kila silinda vijiko vitatu vya mazutu (dizeli) iliyochanganywa na mafuta ya moteri, uiache ilale siku nne au tano. Kisha mwache aizungushe kwa mkono, ufunguo kwenye nati ya puli ya mbele, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikigoma, ongeza mazutu, subiri tena.

Wakati wa kusubiri, mpe bisibisi alale chini ya gari. Achomechome sakafu, na zaidi ile mihimili ya chini ya milango. Chumvi hatuna, lakini tope letu jekundu huingia humo na kushika maji kuanzia Novemba hadi Machi, na bati huoza kutokea ndani huku rangi ya nje inang'aa. Bisibisi ikizama, pesa zako zianzie hapo. Nimeona familia ikimaliza dola zote kwenye moteri, halafu kiti cha dereva kikashuka barabarani.

Jambo moja msisahau kabla ya kuchomelea: tanki la esansi litoke kabisa na liwekwe mbali. Tanki tupu ndilo la kuogopa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Tumeondoa kichwa cha moteri kubadilisha gasketi. Sasa maji yanaingia kwenye mafuta, na mwanzo hayakuwepo!

Mliizungusha moteri kichwa kikiwa nje. Sivyo? Silinda za 504 ni chemizi zinazokaa ndani ya maji, zimesimama juu ya mpira wake wa chini, na kinachozibana ni kichwa chenyewe. Ukikitoa halafu ukazungusha, pistoni inainua chemizi na muhuri wa chini unavunjika. Siku nyingine zibaneni kwa boliti na washa kubwa kabla ya kugusa chochote. Kazi yenu sasa ni kutoa chemizi zote na kuweka mihuri mipya, kisha kuhakikisha kila moja inachomoza unywele tu juu ya bloku na zote zinalingana.

Muundo huohuo ndio unaonifanya niipende. Silinda zikiisha, huna haja ya mashine ya kuzitoboa upya; unanunua chemizi na pistoni, na unafunga kazi nyumbani.

Marafiki wananishauri nitupe moteri ya Peugeot, niweke ya Toyota Hiace. Vipuri viko kila kona.

Vipo, kweli. Lakini kwenye 504 mhimili unaopeleka nguvu nyuma umefungwa ndani ya bomba lililoshikana na giaboksi upande mmoja na difu upande wa pili. Ukileta moteri na giaboksi za Toyota, bomba hilo halina pa kushika, na unaanza kukata na kuchomelea kitu kinachobeba mvutano wa gari zima. Halafu namba ya moteri haitalingana na karatasi za gari. Mimi nabadilisha vichache: natoa platine, naweka kiwashio cha elektroniki, na platine za zamani nazihifadhi kwenye kijisanduku cha dashibodi. Rejeta sibadilishi. Ile ya shaba inazibika kwa risasi ya kulehemu. Ya alumini na plastiki ikipasuka ni ya kutupa. Katika mji wa shaba, kutupa rejeta ya shaba ni aibu.

Na usukani? Gari yangu nyingine ilitoka Dar es Salaam ikaingia kwa Kasumbalesa, usukani uko kulia. Naweza kuuhamisha mwenyewe?

Hapana, ndugu. Si kazi ya lupango. Usukani haukubali kuungwa kwa kuchomelea, na bati la mbele likitobolewa vibaya, pedali za breki hupinda unapokanyaga kwa nguvu. Anza na taa: taa za nchi ya kuendesha kushoto hurusha mwanga machoni mwa anayekuja mbele yako kwetu. Badilisha hizo kesho.

Breki zimekauka. Jirani anasema mafuta ya moteri yanatosha.

Usitie hata tone moja. Mpira wa breki huvimba na kushika. Mwaga yote, weka maji ya breki yenyewe, mapya.

Rangi tupige lini?

Aprili au Mei. Mvua imekwisha na vumbi halijaamka. Nyunyiza maji kwenye lupango kwanza. Bati lililopigwa rangi ya kwanza lisilale nje usiku, kwa sababu rangi hiyo hunywa unyevu. Ukitumia rangi ya kuchanganya na dawa ya kukausha, watoto waende kwa shangazi yao siku hiyo. Mvuke wake huharibu mapafu, na kitambaa puani hakizuii kitu.

Imewaka! Lakini moshi mweusi, na inakunywa sana.

Hongera. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam, na kaburata inatoa esansi ileile. Tafuta jikleri yenye tundu dogo zaidi. Ile ya zamani itie kwenye kopo lenye kifuniko. Ni ndogo kama punje ya mahindi, na kuku wa jirani hawachagui.