INI NA VIDONGE VYA MAUMIVU

Ini ni kiungo kikubwa kilicho upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi: hutengeneza nyongo, huweka akiba ya chakula, tena huondoa sumu katika damu. Mtu hawezi kuishi pasipo ini.

Katika maduka ya Mwanza na ya visiwa vya Ukerewe huuzwa dawa iitwayo parasetamoli. Dawa hiyo hutuliza homa na maumivu, wala haimdhuru mtu mzima mwenye afya akishika kipimo: kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, kisha kungoja saa 4 hata 6, wala asipite vidonge 8 kwa usiku na mchana. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake.

Basi mvuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zake, akarudi asubuhi kichwa kikimwuma. Humeza vidonge 2. Baada ya kitambo kidogo humeza 2 tena, na tena. Jioni hunywa dawa ya mafua, asijue ya kuwa ndani yake mna parasetamoli ile ile. Hudhani kuzidisha ni kupona upesi. Sivyo. Ini hugeuza sehemu kubwa ya dawa iwe kitu kisichodhuru, kitokacho kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka sumu. Ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo, lakini vidonge vikizidi, akiba huisha, na sumu hula ini lenyewe.

Ubaya wa madhara haya ni kwamba huja kimya. Siku ya kwanza mtu hutapika kidogo, au haoni neno. Siku ya pili au ya tatu huumwa chini ya mbavu za kuume, kisha macho huwa ya manjano.

Mwaka 1966 waganga wa Edinburgh waliandika habari za wagonjwa walioharibika ini kwa kuzidisha dawa hiyo. Katika miaka ya 1970 ilipatikana dawa ya kuzuia sumu yake, iitwayo asetilisisteini, nayo hufaa zaidi ikitolewa kabla ya saa 8 kupita. Mgonjwa wa visiwani ana maji ya kuvuka kabla ya kufika hospitali ya Bugando. Akingoja macho yageuke manjano, amechelewa. Aliyezidisha vidonge na apelekwe mara moja, hata akijiona mzima, na pakiti ichukuliwe pamoja naye.

Tena parasetamoli haiui vijidudu vya malaria. Homa ikirudi, yafaa kupimwa damu, si kuongeza vidonge.

MASWALI
1. Taja kazi tatu za ini.
2. Kwa nini mvuvi alizidisha kipimo pasipo kujua?
3. Kwa nini haifai kungoja dalili?