Mbona Mabomba ya Kibera Yanapita Juu?

Ukipita Kibera utaona mabomba ya maji yaliyotundikwa kwenye nguzo kama nyaya za stima. Shirika la SHOFCO liliyaweka huko juu kwa sababu ya kisayansi.

Bomba la plastiki lililolala mtaroni ni salama mradi maji yanalisukuma kutoka ndani. Siku ya mgao presha hushuka, na penye ufa au kiungo kilicholegea, majitaka hufyonzwa ndani. Maji yakirudi, yanakuja na uchafu huo. Hata Kawangware, popote bomba linapovuka mtaro, hatari ni ile ile.

Kati ya 2007 na 2009, watafiti wa KEMRI na CDC ya Marekani walifuatilia afya ya familia za Kibera, nyumba hadi nyumba. Taifodi, yaani homa ya matumbo, ilikuwa juu kuliko Asembo, kule Siaya, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 9. Bila wakaazi kuwafungulia milango, hayo yasingejulikana. Chanjo ya taifodi ilianza kutolewa nchini Julai 2025, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Lakini chanjo hiyo haizuii kipindupindu. Baada ya mgao, maji ya kwanza yatumie kupiga deki (najua inauma ukiwa umeyanunua kwa mtungi). Ya kunywa yachemshe, au tia klorini na ungoje nusu saa. Yenye tope yachuje kwanza, kwani tope hupunguza nguvu ya klorini.

Na sugua mtungi. Ukiteleza ndani, bado ni mchafu.