Kabla ya Kukaza Waya

(Mombo, gereji iliyo pale barabara ya Lushoto inapoanza kupanda Usambara.)

BINTI: Babu, jana huko juu niliegesha mtelemkoni, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, na bado gari likaanza kutambaa. Nimeambiwa waya umelegea, ukazwe tu.

FUNDI: Ukalizuia na nini, mjukuu wangu?

BINTI: Nilikanyaga breki, nikaingiza gia.

FUNDI: Vyema. Sasa waya tusiuguse kwanza. Pedali inasukuma mafuta ya breki. Hendibreki haina habari na mafuta. Ni waya ndani ya ala yake, toka kwenye mkono hadi magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana mafuta yakivuja yote, bado una kitu cha kushika. Ule mlio wa ta-ta-ta ni kidole cha chuma kinaruka meno, mkono usirudi. Na kule ndani ya dramu la gurudumu, waya unavuta wenzo mdogo unaotanua breki shuu mbili zikabana ukuta wa dramu.

BINTI: Waya wenyewe haulegei?

FUNDI: Hulegea, lakini mara nyingi kilichopungua ni shuu. Zikilika, nafasi kati yake na dramu inakua, na mkono uliokuwa unashika kwenye jino la sita unapanda hadi la kumi. Ukikaza waya, mkono unashuka, unafurahi, kumbe umeficha shuu zilizokwisha. Na waya uliokazwa mno hauziachi shuu zirudi nyumbani. Unatembea nazo zinasugua mpaka dramu linaungua. Nimefungua mengi ya namna hiyo, na inaniuma, kwa sababu mwenye gari alilipia matengenezo. Marekebisho huanzia ndani ya dramu. Waya ni wa mwisho.

BINTI: Na shuu zikiwa bado nene?

FUNDI: Naangalia kama zimelowa. Sili ya ekseli au ya silinda ya gurudumu ikivuja, shuu hunywa mafuta, na iliyokunywa haishiki hata uvute kwa mikono miwili. Hiyo haioshwi kwa petroli ikarudishwa. Inabadilishwa pamoja na sili, na shuu za upande wa pili pia. Kisha kutu: ikiingia kwenye ala, unashusha mkono, waya haurudi. Ukisikia harufu ya kuungua, ukakuta rimu moja ina moto kuliko mwenzake, ndiyo hiyo.

BINTI: Lakini taa ya hendibreki iliwaka.

FUNDI: Taa inajua mkono umeinuka. Haijui kama gurudumu limeshikwa. Tukishainua nyuma, nitavuta jino moja moja na wewe uzungushe magurudumu. Yanatakiwa yaanze kukaza pamoja. Lete yale mawe, uyaweke mbele na nyuma ya matairi ya mbele, ndipo nichukue jeki.