Kazi Isiyo na Tarehe: Kupanga Shughuli za Utafiti kwa Simu na Kompyuta

Mwaka jana nilikuwa nikikusanya maneno ya kazi kutoka kwa wachimbaji wastaafu wa Kolwezi kwa ajili ya tasnifu yangu. Mzee mmoja wa Musonoi alinieleza neno posho kwa muda mrefu: lilianza kama mgao wa chakula ambao kampuni iliwapa wafanyakazi kila juma, kisha wao wenyewe wakalitumia kulitaja juma. Wanaojua Kilingala watakumbuka mposo, yaani juma. Alipoanza kunitajia majina ya kazi za usiku, simu niliyorekodia ikazimika. Akaniuliza, "Utarudia lini, mutoto yangu?" Nikajibu, "Posho ijayo, papa."

Katika daftari niliandika: "Mzee – kurudi wiki ijayo." Nilirudi baada ya majuma saba, nikakuta viti vya kilio uani.

Siwezi kusema nilikuwa mvivu, kwa maana kila siku nilikuwa mbioni. Lakini ahadi zangu zilitawanyika: nyingine katika daftari tatu, nyingine katika ujumbe wa WhatsApp, nyingine kwenye karatasi zilizobanwa ndani ya vitabu. Tangu hapo nimejijengea utaratibu mmoja. Naueleza hapa kwa sababu makosa yangu mengi yalikuwa ya lugha, na sisi wa kitivo hiki tuna zana za kuyatambua.

Kosa la kwanza: nomino bila kitenzi

Orodha yangu ya zamani ilijaa nomino: "sura ya pili", "kamusi", "mzee". Nomino hutaja kitu, haisemi nifanye nini nacho. David Allen, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu kupanga kazi, anashauri kuandika tendo linalofuata, lile ambalo mtu anaweza kulifanya kwa mikono yake. Kiswahili kinatupa umbo linalofaa sana: dhamira tegemezi. "Sura ya pili" sasa ni "Niandike aya tatu juu ya neno posho". "Kamusi" ni "Nikopeshwe kamusi maktabani, ninakili ukurasa wa kutumika". (Wenyeji wa hapa wanajua kwamba kwetu "anatumika mgodini" maana yake ni anafanya kazi mgodini, ndiyo maana nahitaji ukurasa huo.)

Kosa la pili: wakati unaotembea

"Wiki ijayo", "kesho" na "baadaye" ni maneno ya kiashiria. Maana yake hutegemea siku yanaposemwa. Ukisoma "kesho" keshokutwa, tayari imesogea. Kila ahadi niliyompa mtu sasa inaandikwa kwa mwaka, mwezi na siku.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Mwenzangu wa Dar es Salaam akiniambia tuongee saa nane mchana, kalenda ya simu inataka 14:00. Na hiyo 14:00 ya Dar es Salaam ni 13:00 hapa Kolwezi, na 12:00 Kinshasa. Nilikwishamkosa mara mbili kabla ya kulizingatia.

Kosa la tatu: kauli ya kutendwa

Niliandika "sura ya kwanza isomwe". Isomwe na nani? Kauli ya kutendwa humficha mtendaji, na kazi isiyo na mtendaji haimngoji mtu yeyote. Sasa naandika: "Mwalimu anasoma sura ya kwanza, nimuulize Ijumaa", kisha naweka tarehe ya hiyo Ijumaa.

Utaratibu wenyewe

Hatua ya kwanza ni kuwa na mlango mmoja. Lolote linalonijia, darasani au ndani ya teksi, naliandika katika ukurasa mmoja wa Google Keep. Programu hii ya simu huandika hata bila mtandao, na hupeleka maandishi mtandao ukirudi. Kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, hilo si jambo dogo.

Hatua ya pili ni ubao. Natumia Trello, lakini programu yoyote yenye kadi na safu inafaa. Nina safu nne, nilizozipa majina kwa vitenzi: Nitafanya, Ninafanya, Nangojea, Nimemaliza. Kila kazi ni kadi inayohama kutoka wakati mmoja wa kitenzi hadi mwingine. Katika safu ya Ninafanya siruhusu zaidi ya kadi tatu. Ikija ya nne, lazima moja iishe au irudi. Sharti hili limenisaidia kuliko mengine yote.

Hatua ya tatu ni kalenda. Humo naweka mambo yenye siku maalumu tu: mitihani, miadi, mwisho wa kuwasilisha. Nikiweka humo pia matamanio yangu, kengele hulia mara nyingi mno hadi nazizoea.

Hatua ya nne ni Ijumaa jioni. Kwa nusu saa namaliza kugawa yaliyo katika Keep, nasoma safu ya Nangojea kadi kwa kadi, kisha nanakili kazi za juma linalofuata katika karatasi moja. Umeme ukikatika au simu ikiibiwa, karatasi ipo.

Jambo moja la maadili: majina ya watu wanaonihadithia maisha yao siyaweki kwenye ubao. Naandika alama, na ufunguo wa alama unabaki katika daftari nyumbani.

Kadi ni ya nani?

Ubao wa kadi ulienea kutoka viwanda vya Toyota huko Japani, ambako kadi hizo huitwa kanban. Lakini Afrika Mashariki ilijua kadi ya kazi mapema. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1920, wanaume Waafrika walilazimika kubeba kipande, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Katika mashamba ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Kadi hiyo ilisomwa na mwajiri, kwa faida yake.

Nakumbusha hili kwa sababu nimewaona wenzetu wanaojigeuza wanyapara wa nafsi zao, wakihesabu kadi walizomaliza na kujilaumu usiku. Mimi ubao wangu nausoma kwa swali moja: nani ananingoja?

Mjane wa yule mzee alinielekeza kwa rafiki yake aliyefanya naye kazi zamu moja. Niliweka tarehe, nikafika siku hiyohiyo, nikiwa na betri ya akiba. Alikumbuka baadhi ya majina ya kazi za usiku. Mengine alisema yalikuwa ya mwenzake. Katika tasnifu yangu, sehemu hiyo ya orodha ina nafasi tupu, nami nimeandika sababu yake.

Ukitaka kuanza, usianze na programu. Chukua karatasi leo jioni, uandike kila mtu uliyemwahidi jambo, kitenzi cha ahadi hiyo, na tarehe. Programu utaichagua kesho, na hiyo kesho nayo uiandikie tarehe.