Nta ya nyuki kwa ngozi ya kipupwe

Juni na Julai, baridi ya milima ya Uluguru hupasua midomo na visigino, hasa huko juu Morningside. Jaribu nta ya nyuki. Sehemu yake kubwa ni esta za mafuta zisizoyeyuka majini, ndiyo maana huzuia unyevu wa ngozi usipotee.

• Changanya nta sehemu moja na mafuta ya nazi au alizeti sehemu nne. Ya midomo iwe ngumu kidogo: punguza mafuta.

• Yeyushia kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si motoni moja kwa moja. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Ikizidishiwa moto huwaka kama mshumaa. Chuja kwa kitambaa.

• Ukinunua Soko la Chifu Kingalu, inuse. Isiyonukia asali hata kidogo huenda imechanganywa na parafini.

• Paka baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na majimaji.

Na magoti yanayouma? Vidonge vya setili miristoleti, esta ya jamii moja na zile za nta, vina sifa nyingi kuliko ushahidi. Nta nayo hulainisha ngozi, haifiki kwenye maungio. Goti lililovimba lipeleke hospitali.